Mwaka Tuliolipia Hewa

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa Kisinga. Pale kwenye foleni ya kutupa udongo Masereka Robati alinishika mkono, akaushikilia muda mrefu kama mtu anayepima homa, akasema, "Dada Jeneti, Mungu ametuinua." Nilimtazama. Amenenepa, shati lake sasa lina jina la kampuni nyingine, meno ni yale yale. Miaka minane nimejiandaa kwa matusi yake, au anikwepe, au hata aniombe msamaha, lakini kwa hiyo "ametuinua" sikuwa nimejiandaa. Sisi? Mimi na yeye? Nilirudi Bwera nikanunua daftari la kurasa mia. Darasa la tano nilifika, sikulimaliza, kwa hiyo msinisumbue na mpangilio. Habari za baba na mama sitaandika, wao hawakumdhulumu mtu. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule wa vikapu, na majina ya watu nitayaweka jinsi yalivyo, kwa sababu langu walilitangaza bila kuniuliza.

Mwaka wenyewe ulianza na Afande Odoki. Huyu ndiye aliyekuwa anagawa nyumba kwenye kambi ya jeshi, na mume wangu alipofariki kazini alinipa siku tatu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na daftari lake akasema, "Mama, nyumba ni ya askari. Askari iko wapi?" Nikasema, "Iko kaburini, afande." Akasema, "Basi," akaandika kitu, akaenda mlango wa pili. Niliondoka na godoro, sufuria mbili, na simu yenye kioo kilichopasuka. Watoto niliwapeleka kwa dada yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Najua wengine wakisimulia ujana wao wanaanzia kumi na nane, lakini mimi kwa kumi na nane nilikuwa nawasha jiko saa ambayo filimbi imeagiza niwashe. Ujana wangu mimi nauhesabu kuanzia pale nilipofukuzwa, maana tangu nizaliwe ilikuwa mara ya kwanza kuamka bila mtu wa kuniambia toka, ingia, kaa chini.

Bwera nilipata kazi ya kufunga mizigo. Wachuuzi wanaovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo wanajua: mzigo ukifungwa vibaya unapasuka katikati ya daraja, na ukifungwa vizuri baiskeli moja inabeba ya baiskeli tatu. Mimi nilikuwa na mikono ya kambi, nimehamishwa kituo baada ya kituo na mume wangu, na lori la jeshi halikusubiri mtu. Sufuria nilizijua zinaingia wapi. Sabuni ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sufuria, sufuria ndani ya beseni. Siku moja mwanamke mmoja mrefu alisimama akanitazama nikifunga, akasema, "Wee Afande, mikono yako iko na akili." Huyo ndiye Kabugho, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofuma vikapu kule milimani Kyondo. Jina la Afande alinipa yeye, kwa mzaha, nao wote wakalidaka. Kikundi kilikuwa na stoo Bwera mjini, na nyuma ya stoo kulikuwa na chumba. Tukapatana: mimi nalala pale, nalinda vikapu, natafuta wanunuzi kwenye simu yangu, na kikundi kikipata mzigo wa kusafirisha, naufunga mimi.

Chumba kile naweza kukichora mpaka leo. Dirisha moja lenye mbao badala ya kioo. Harufu ya rafia, nyuzi za kufumia, iliyotoka kwenye rangi, harufu ya majani yaliyochemshwa, inayoingia kwenye shuka na kwenye nywele. Kati ya chumba na stoo kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na siku ya soko akina mama walishuka kutoka Kyondo, wakakaa upande wa pili, wakapika bundu, ule ugali mzito wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa na mawese. Sahani yangu ilipitishwa chini ya mbao, mahali zilipokuwa zimeoza. Nilikula peke yangu upande huu nikisikiliza upande ule. Wakitaka nisikie, walisema Kiswahili. Wakitaka nisisikie, waliingia Lhukonzo, lugha yao ya milimani, na mimi mtoto wa kaskazini niliyekulia kambini nilibaki natafuna. Nawaza leo kwamba kama nusu ya yale yaliyosemwa kwa Lhukonzo ningeyaelewa, mwaka wangu ungekuwa mwepesi. Lakini wangejuaje ni lipi nisilolijua? Na mimi ningejuaje cha kuuliza?

Mnunuzi alikuja kwenye simu. Nilikuwa naweka picha za vikapu kwenye ukurasa wa mtandao, kila jioni mbili tatu, na siku moja mama mmoja wa Uholanzi, Anneke, aliniandikia. Alikuwa na duka lisilo na mlango: anauza kwenye mtandao, anafungia vitu kwenye meza yake ya jikoni. Yeye aliandika kwa lugha yake, simu ikanitafsiria, nami nikajibu kwa yangu. Alitaka vikapu kumi na viwili vya kujaribu. Wateja wake wakivipenda, angechukua mwaka mzima. Kabugho alipiga vigelegele mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Sasa vitafikaje Uholanzi? Hilo hatukuliwaza. Tulidhani kazi ni kufuma. Nilienda Kasese mjini, kwenye ofisi ya wasafirishaji yenye feni na kalenda ya ndege, na mezani alikuwa Masereka Robati. Nilimpelekea vikapu siku hiyo hiyo masanduku yalipojaa, na hapa niseme vizuri jinsi yalivyojaa, kwa sababu ndipo kosa lilipoingia. Akina mama wenyewe walishusha vikapu kutoka Kyondo, kila mmoja na chake kichwani. Wakavipanga kwenye masanduku mawili pale stoo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kununua gundi ya kufungia. Niliporudi, masanduku yalikuwa yamefunikwa, wanawake wamesimama kando wakitabasamu kama watu waliomaliza sala. Niliyanyua, nikahisi yamezidi kidogo uzito niliotegemea, nikasema moyoni, labda rafia haijakauka. Nikayapiga gundi.

Mizani ya Masereka ilisema kilo nane, masanduku yote mawili pamoja. Yeye akatoa futi ya utepe, akapima huku, akapima kule, akabonyeza kikokotoo, akasema, "Hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili nini?"

"Kilo."

"Bwana, hii kapu hata kuku anabeba. Mizani yako imesema nane!"

"Dada, ndege haiuzi uzito. Ndege inauza nafasi. Kapu yako inakula nafasi, ndani yake iko hewa. Unalipia hewa."

Hapo hakudanganya. Wasafirishaji wa haraka ndivyo wanavyofanya dunia nzima: wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawa kwa namba yao, wanapata kilo za karatasi, na kama kilo za karatasi zinazidi za mizani, unalipa za karatasi. Kitu chepesi chenye tumbo kubwa ndicho kinachoumia. Lakini utepe wake aliushika mbali na sanduku, vidole viwili hewani kila upande, na baadaye nilipojifunza hesabu ile nilipima masanduku ya namna ile ile nikapata arobaini na tatu. Tisa zilizobaki zilikuwa za Masereka. Siku hiyo sikujua. Kikundi kilikuwa kimefungua sanduku la akiba, nikalipa. Akanipa fomu. "Ndani iko nini?" Nikasema vikapu. "Na ndani ya vikapu?" Nikacheka: "Si umesema hewa?" Neno la Kiingereza la kitu kitupu nililijua kutoka kwenye mapipa ya mafuta kambini, nikaliandika kwa herufi kubwa, nikatia sahihi.

Wiki mbili zikapita. Anneke akauliza. Nikampigia Masereka: "Iko njiani." Wiki nne. "Iko njiani, dada, Ulaya ni mbali." Wiki ya sita nilienda mwenyewe Kasese, akaniangalia kana kwamba nimekuja kuomba chumvi: "Sisi tulipeleka. Kama haikufika, ulizana na watu wako." Upande wa pili wa mbao, sahani ikaanza kuchelewa. Halafu siku moja ikapita bila mchuzi. Halafu nikasikia wakizungumza Kiswahili, maana walitaka nisikie. "Mutu ameona kapu kama yetu kule Kasindi, kwa soko." "Kapu ya nani?" "Sasa kwani kule Kongo nani anafuma rangi hii?" "Basi mwenye ufunguo ajibu." Mwenye ufunguo nilikuwa mimi.

Jumapili hiyo nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa kanisa, mahali pangu. Kabugho ndiye aliyekuwa anasoma matangazo, ana sauti ya kufaa, inafika mpaka kwa waendesha pikipiki barabarani. Akatangaza mazoezi ya kwaya. Akatangaza mbuzi mweusi aliyepotea, ana kamba ya bluu. Halafu, kwenye karatasi ile ile, bila kupumua: "Jeneti, mke wa askari, anayelala stoo, amekula vikapu vyetu kumi na viwili. Mwenye kuviona ng'ambo ya mpaka atuambie." Vichwa vyote viligeuka. Mtoto mmoja aliniangalia tumboni.

Kesho yake polisi walinichukua. Siku mbili nilikaa pale kituoni, na koplo mmoja, sitasahau, kila akipita kwenye nondo aliuliza, "Huyu ndiye amekula kapu? Mama, ilikuwa na chumvi?" Wenzake wanacheka. Nilikuwa nimeishi na askari miaka ishirini chini ya bati moja, vicheko vyao navijua, na ndivyo viliniuma zaidi kwa sababu zamani nilikuwa nacheka nao. Aliyeniletea chakula ni mmoja tu, Nyanya Ithungu, mkongwe kuliko wote kikundini, anayefuma macho yakiwa yamefumba. Alimwambia koplo, "Mupe hii bundu, na wewe ukitaka kuonja, onja, lakini usiongeze maneno." Hawakupata ushahidi, wakaniachia. Kabugho alinisubiri stoo na mikono kiunoni. Chumbani nitalala mpaka mavuno ya kahawa yaishe, akasema. Vikapu nisiguse. Mavuno yakiisha bila habari, nitoke Bwera, na ile kauli ya kanisani ibaki ilivyo.

Ningeweza kutoka siku hiyo hiyo. Mizigo inafungwa popote. Lakini unaenda wapi na jina kama lile? Kasese ni ndogo. Mtu angenikuta Kisinga, angenikuta Bulembia, angesema, si huyu yule wa vikapu? Odoki alinitoa kwenye nyumba. Hawa walikuwa wananitoa kwenye jina langu, na mimi kitu kingine sikuwa nacho.

Anneke ndiye alisumbuka. Aliziandikia ofisi za forodha za kwao, akangoja, akaandika tena, mpaka wakamtumia barua na picha, naye akanitumia. Nilikaa kitandani, nikafungua picha kwenye kioo kile kilichopasuka. Kikapu cha rangi ya chungwa, nilikijua, mkono wa Ithungu. Ndani yake ulezi, konzi moja. Picha ya pili: maharage. Ya tatu: kahawa. Nikashusha, nikashusha, picha za vikapu vyote kumi na viwili, hakuna hata kimoja kitupu. Barua niliipitisha kwenye tafsiri ya simu: mbegu na mazao yasiyotangazwa, mtumaji aliandika kwamba hakuna kitu ndani, msafirishaji ameandikiwa mara mbili ajibu ndani ya siku kumi na nne, hakujibu, mzigo umechomwa. Chini ilikuwa anwani ya msafirishaji aliyeandikiwa, na jina: Masereka Robati.

Siku ya soko nilipita mlango wa mbele, nikaingia upande wao wa mbao kwa mara ya kwanza bila kuitwa. Niliweka simu katikati, kando ya sufuria ya sombe. "Nani aliweka ulezi kwa kapu ya watu?"

Ithungu, bila aibu hata kidogo: "Mimi."

"Kwa nini, nyanya?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Kapu inaendaje kwa nyumba ya mutu ikiwa tupu? Ni kumutukana. Ile mama ya Uholanzi angesema sisi ni watu gani?"

"Mimi niliweka maharage," akasema mwingine, "zile za njano, nzuri."

"Mimi njugu."

"Mimi yai," akasema mama mmoja nyuma kabisa, polepole.

"Yai? Kwa ndege?"

"Nilichemusha!"

Hapo walicheka mpaka wakashikana, hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka na machozi yakanitoka, sijui ya upande gani. Wiki zile zote! Kila mmoja aliweka chake na hakuna aliyemwambia Jeneti, kwa sababu nani anamwambia mtu mzima kwamba kikapu hakiendi kitupu? Na Jeneti aliandika kwa herufi kubwa kwamba ni vitupu, kwa sababu kambini ukipeleka pipa, linaenda tupu. Nilimgeukia Kabugho. "Na wewe mwenyekiti?"

"Kahawa," akasema. "Ya Kyondo. Ya kwanza." Halafu akajiweka sawa. "Lakini ni wewe uliandika uongo kwa fomu. Mukono ni yako."

"Ni wangu. Sasa utasema lini kanisani kwamba sikuiba?"

Nilidhani atasema Jumapili. Alikunja kanga yake akasema, "Karatasi ya simu kila mutu anaweza kutengeneza. Peleka kapu ingine. Ikifika, nitasema. Na sanduku la akiba limeisha, ujue."

Huyo ndiye Kabugho, na ningali namsalimia mpaka leo. Ndiye pia aliyeniambia, katika kubishana, nani alimpa wazo la Kongo: Masereka. Kabugho alipompigia kumuuliza, alimjibu, "Muulizeni huyo mwanajeshi wenu, yeye iko karibu na mpaka." Barua mbili alikuwa nazo wakati anasema hivyo. Nilienda Kasese kumwonyesha Masereka. Hakushtuka. Alisema barua pepe ni nyingi, zinaingia kila siku, na mimi si mteja mkubwa. Angejibu mstari mmoja tu, kwamba akina mama wamekosea, toeni nafaka mpitishe vikapu, labda vingepita. Lakini wangeweza pia kumuuliza kwa nini kilo nane zimekuwa hamsini na mbili. Alinyamaza, akaniacha nilale kwa polisi.

Kutoka kwake nilivuka barabara nikaingia posta. Sikuingia kwa akili, niliingia kwa sababu kulikuwa na benchi. Dada wa dirishani, wa makamo kama mimi, miwani imening'inia shingoni, aliuliza, "Mama, unatuma au unapumzika?" Nikamwambia vyote ninavyotuma ni hewa. Akacheka, akataka kujua, nikamweleza. Akasema, "Hapa kwa pakiti ndogo tunapima uzito. Hewa bure. Lakini isizidi kilo mbili. Na urefu, upana, kimo, ukijumlisha, isipite sentimita tisini." Akanionyesha kikaratasi cha kijani cha kuandika kilichomo, na namba ya rejista ya kufuatilia mpaka kule. Bei aliponitajia nilimwomba arudie. Ningeweza kuilipa na kazi yangu ya mizigo ya wiki mbili. Ni polepole, akanionya, hakuna wa kukuletea mlangoni na pikipiki. Nilimwomba kamba. Alinikatia kipande cha uzi wa posta, sentimita tisini kamili, nikakifunga kiunoni.

Nilipanda Kyondo kwa miguu nikakuta wamekaa na kazi zao mbele ya nyumba ya Ithungu. Nikawaeleza uzi na kilo mbili. Nikawaambia na lile lingine: chakula hakiendi, mbegu haziendi, wala udongo, wala jani bichi. Kelele ikaanza.

"Basi iende tupu?"

"Tupu siwezi," akasema mmoja wao. "Jina langu iko ndani ya ile kapu."

"Tuweke barua."

"Barua inajaza kapu? Unakula barua?"

"Weka jiwe!" akasema mmoja, wakamzomea.

Ithungu hakuwa ameacha kufuma. Akasema, "Weka kapu."

"Wapi, nyanya?"

"Ndani ya kapu. Kapu iko na kapu ndani, nani atasema ni tupu? Na ile ya ndani iko na ingine."

"Na ya mwisho kabisa?" Kabugho aliuliza, kwa ukali, kama aliyempata mwizi. "Ile ndogo itabeba nini?"

Ithungu akafikiri hadi akamaliza mzunguko. "Ile tunafuma mpaka katikati. Isiwe na tumbo. Isiyo na tumbo haiwezi kuwa tupu."

Nilisimama pale na uzi wangu, na nilichokiona ni lori la jeshi. Sabuni ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sufuria. Vikapu vitano mahali pa kimoja! Hewa yote ile tuliyoilipia, wameijaza wao wenyewe kwa adabu yao. Nilimkumbatia Ithungu mpaka rafia ikamdondoka, akaniambia, "Wee Afande, utanivunja."

Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Walizoea kufuma kwa jicho, kila mwanamke na ukubwa wake, na sasa cha huyu kilitakiwa kuingia kwenye cha yule bila kukwama na bila kucheza. Nilipita nyumba kwa nyumba na uzi wangu, niliouwekea fundo kwa kila ukubwa. Seti ya kwanza ilizidi kilo mbili, tukapunguza maganda ya mgomba yanayojaza ukingo. Kikapu kikubwa cha Kabugho kilizidi kidole kimoja. Kidole kimoja tu. Akasema posta haitaona. Nikasema, "Fumua." Alinitazama, akatazama uzi, akakaa chini akafumua mizunguko minne, huku akinong'ona vitu kwa Lhukonzo ambavyo Ithungu alikataa kunitafsiria. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Posta, yule dada alipitisha uzi wake kwenye urefu, upana na kimo cha sanduku, kipande kikabaki. Mizani ikasema kilo moja na robo tatu. "Ndani iko nini?" Nikaandika polepole, kwa Kiingereza alichonisaidia: vikapu vitano vya mkono, kimoja ndani ya kingine, hakuna chakula, hakuna mbegu. Kila neno lilikuwa kweli. Namba ya rejista niliipiga picha mara tatu. Nikitoka, Masereka alikuwa amesimama mlangoni kwake na soda. "Posta, dada? Itafika Pasaka. Pasaka gani sijui." Nilimwambia kilo moja na robo tatu. Alielewa, kwa sababu soda ilikaa hewani bila kufika mdomoni.

Leo pakiti zetu zinaenda nchi ambazo nyingine siwezi kuzitaja vizuri, na kila mwezi kuna msichana au mjane anakaa hapa Bwera mbele yangu akiuliza namna ya kutuma. Namwambia: pima kabla ya kufuma, si baada. Kama kitu chako ni chepesi na kinene, kimbia utepe, tafuta mizani. Usijaze sanduku moja kubwa kama pakiti ndogo tatu zinapita kwa bei rahisi. Andika kilichomo, chote, hata kama ni aibu. Namba ya kufuatilia ikae kwako, isikae kwa wakala. Nawaambia na jina la wakala.

Wiki ya tatu baada ya kutuma ile pakiti, mavuno yalikuwa yamebaki kidogo tu, kahawa nyekundu za mwisho kwenye matawi ya juu. Nilikuwa nafunga magunia ya chumvi simu ilipolia. Anneke. Picha: meza ya jikoni, dirisha lenye mvua, vikapu vitano vimepangwa kwa mstari kutoka mkubwa mpaka mdogo, na kile kisicho na tumbo amekishika kwenye kiganja. Ameandika kwamba hicho ndicho anachokipenda zaidi, hajui ni cha nini, hatakiuza. Anataka seti thelathini. Nilipanda pikipiki na chumvi mikononi. Kabugho alisoma tafsiri, akavuta picha ikawa kubwa, akahesabu vikapu kwa kidole, akakihesabu chake mara mbili. "Imefika," akasema. Nikasema, "Jumapili."

Jumapili sikukaa karibu na mlango. Nilikaa benchi la kwanza, Ithungu kulia kwangu, mama wa yai kushoto, na nyuma yetu Kyondo nzima ilikuwa imeshuka. Kabugho akasimama na karatasi yake. Akatangaza ubatizo. Akatangaza kazi ya kufagia. Kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi na sauti ile inayofika barabarani ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea na shimo: "Jeneti hakula vikapu."

"Sauti, mama!" nilisema, nimekaa. Kanisa likacheka, mchungaji akafunika mdomo.

Kabugho akainua kichwa. Alinitazama, nami nikamtazama. "Jeneti hakula vikapu vyetu," akasema kwa nguvu. "Tulimusingizia. Kapu imefika Uholanzi, ni yeye ameifikisha."

Waendesha pikipiki walisikia. Hata kule ng'ambo ya mto nadhani walisikia. Mimi pia nilikuwa nimesikia vizuri sana, kila neno, lakini nikaweka mkono nyuma ya sikio, nikasema tena, "Sauti."